Gunia Namba Sitini na Tatu

Mwaka jana tulikwenda mkutanoni na machozi.
Tukasema tunaibiwa. Tukasema gunia limeota nundu,
juu ya mdomo wake wameshona kilemba cha wavu
na viazi vya bure vimekaa humo kama wageni wasioaga.
Mtendaji akaandika: malalamiko yamepokelewa.
Mnunuzi akacheka, akafuta buti kwenye nyasi.
Machozi hayana kipimo,
kila mtu huyakadiria kwa jicho lake.

Mwaka huu nikaazima mizani ya chama cha pareto,
ile ya kuning'iniza, yenye kutu begani,
nikaifunga kwenye mkaratusi, njia panda ya Ilembo.
Wiki kumi na moja, ukungu wa Umalila ukinilowesha daftari,
vidole vimekufa ganzi.
Magunia mia mbili na kumi na mawili.
Nikaandika tarehe, jina, kilo.
Hasira sikuiandika. Haikuwa na safu.

Usiku, kwa koroboi, nikazipanga kilo
kutoka nyepesi hadi nzito, kama watoto mstarini,
nikamtafuta anayesimama katikati:
mia moja thelathini na nne.
Bei ni ya mia.

Thelathini na nne ni nini?
Namba peke yake ni sufuria juu ya mafiga baridi.
Nikaipeleka jikoni kwa Bi Nzowa, akakunja uso, akahesabu:
"Madebe mawili kasoro kidogo.
Hapo wanangu wanakula Jumatatu mpaka Ijumaa."
Nikaliandika na hilo, pembeni, kwa penseli.

Mjomba Ambakisye akapekua, akakuta namba sitini na tatu:
kilo mia moja tisini na sita!
"Anza na hili. Ligonge mezani, wanyamaze."
Hilo lililala nje, mjomba, mvua ikalinywesha,
humo mna tope kuliko viazi.
"Nani anajua?"
Mimi.
Na kiazi kimoja kikioza
hakuna anayenunua gunia.

Siku ya mkutano mnunuzi aliniacha nimalize,
kisha akauliza taratibu, kama mtu anayetega:
"Ulipima na yaliyoloa?"
Moja, nikasema. Namba sitini na tatu.
Nimelitoa, lina ukurasa wake, karibu usome.
Mdomo wake ukabaki wazi kidogo.
Nikaongeza kabla hajaufunga:
na magunia tisa yalikutwa na mawe. Hayo ni yetu, wakulima.
Ukumbi ukaguna. Mjomba akavua kofia, akaivaa tena.
Nikaendelea, maana sikwenda kule kupendwa:
toeni hayo kumi. Yanabaki mia mbili na mawili.
Katika kila kumi, tisa yanapita kilo mia na ishirini.

Hakuna aliyelia.
Nje lori lilikuwa linaunguruma, mtu akaenda kulizima.
Mtendaji alipapasa mfuko, akaazima kalamu.
Hakusema yamepokelewa. Alisema,
"Rudia. Polepole. Hiyo ya kila kumi."

Tukarudi kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma,
mteremko wote hajanigeukia.
Katika yale tisa, moja lilikuwa lake.
Sikulitaja jina pale, lakini daftarini lipo,
na yeye anajua kusoma.
Tulipofika mtoni akasimama, akakung'uta kandambili.
"Lile langu, umeliandika kwa wino?"
Kwa wino, mama.
Akavuka jiwe la kwanza, la pili,
maji yakipita katikati yetu.
"Umeandika mawe mangapi?"
Manne.
"Basi sahihisha," akasema, bila kucheka.
"Yalikuwa matatu. Lile moja lilikuwa kiazi,
kigumu tu."